Safu Niliyoijaza Bila Kuuliza

Siku ya kuniaga mlinikalisha kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, mkanipa soda na keki, mkasema nizungumze. Nikazungumza dakika tatu, nikashukuru, nikaketi. Mlidhani nimezidiwa na machozi. Wapi! Nilikuwa naogopa, maana nililotaka kuwaambia si la kusemwa mtu akiwa ameshika keki mkononi. Sasa niko nyumbani Mumias, miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, na hakuna wa kuniharakisha. Kwa hiyo nisikilizeni, hasa wewe binti uliyerithi meza yangu ya lishe na ile droo yake isiyofunga.

Niliripoti kwenye kituo kile cha afya, upande wa Shinyalu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na sanduku la bati, buibui jipya, na cheti cha lishe nilichokuwa nimekifunga kwa plastiki mara mbili kisije kikanyeshewa. Mkuu wetu alikuwa Mama Khadenje, muuguzi mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye nilimwogopa mwezi mmoja na kumpenda miaka yote iliyofuata. Aliniangalia kuanzia ushungi hadi viatu.

"Wewe ni wa Mumias?"

"Ndiyo, mama."

"Pombe umewahi kuiona?"

"Astaghfirullah! Sijawahi."

"Hapa utaiona," akasema, akanikabidhi mizani.

Mizani ile ilikuwa ya kuning'iniza. Unaifunga kwenye boriti, unamvalisha mtoto suruali ya turubai yenye kamba, unamtundika kwenye ndoano, naye analia kana kwamba amehukumiwa. Nilijifunza kusoma mshale upesi kabla hajanikojolea, na mara nyingi nilichelewa. Nilikuwa pia na utepe wa kupima mkono, utepe wa kupima kichwa, na daftari kubwa la wajawazito ambalo nilipiga mistari yake mwenyewe kwa rula. Jina, umri, uzito, damu, vidonge. Safu ya mwisho haikuwa yangu. Iliombwa na daktari wa watoto wa hospitali kubwa ya mjini, aliyekuwa akitutembelea mara moja kwa mwezi. Alisema anaona watoto wa sura fulani, wadogo, wagumu kujifunza, na anashuku kinachosababisha. Akaomba kila mama mjamzito aulizwe kama anatumia pombe, tuandike N au H, ndiyo au hapana.

Kumwuliza mama wa watu kama anatumia pombe! Huko nilikolelewa, swali hilo ungemwuliza mwanamke mbele ya mama mkwe wake, ungefukuzwa kwa ufagio. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, na wale mama wengine walinizidi umri. Basi nikawa naangalia. Mama amevaa safi, anaongea kwa adabu, hanuki kitu: H. Ukurasa mzima ukajaa H nzuri za mwandiko wa shule. Nilijiona mtu mwenye heshima sana.

Miongoni mwa hao niliowaandikia H alikuwa Muhonja. Mwanamke mwembamba, mcheshi, hakosi kliniki, na ukimpa vidonge vya kuongeza damu anavimeza mbele yako ili usimsumbue. Mumewe alikuwa akikata miwa mbali na nyumbani, akirudi mara chache na zawadi ndogondogo. Muhonja alijifungua msichana, akaitwa Mmbone. Nilimpima mtoto huyo tangu wiki yake ya kwanza, na tangu wiki hiyo mstari wake kwenye kadi ulitambaa chini ya mistari ya wenzake. Kunyonya kulimchosha. Alipofika miaka miwili alikuwa bado anayumba akitembea, na neno hata moja hana. Lakini alikuwa na kicheko, jamani. Alimchekea kila mtu, akamchekea hata daktari wa chanjo. Kila nilipoinama alitia mkono kwenye mfuko wa koti langu kutafuta chaki, na akiipata anaitia mdomoni.

Daktari wa watoto alimwona Mmbone siku ya zamu yake. Akamgeuza kichwa upande, akapitisha kidole gumba polepole chini ya pua ya mtoto, pale kati ya pua na mdomo ambapo sisi sote tuna kijifereji. Mmbone hakuwa nacho. Palikuwa laini, tambarare, na mdomo wa juu ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Mama yake alikuwa akitumia pombe?"

Nikafungua daftari kwa madaha, nikamwonyesha H yangu.

Akaitazama. "Ulimwuliza?"

Mnajua, angenigombeza ningepata cha kujitetea. Alisubiri tu, na kalamu yake mkononi. Nikasema sikumwuliza. Akafunga daftari taratibu akaenda kwa mtoto mwingine, na mimi nikabaki pale uso umenishuka, namfunga Mmbone vifungo vya gauni nikikosea tundu.

Kesho yake nilipanda baiskeli ya kituo hadi kwa Muhonja. Nilimkuta uani, moshi umejaa, anakaanga juu ya bati unga wa mahindi uliochachuka, jasho linamtiririka. Pembeni palikuwa na mtungi umefunikwa jani la mgomba, na kapu la kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Kumbe Muhonja alikuwa mpishi wa busaa, ile pombe ya nafaka, tena anayesifika, mara mbili kwa wiki. Busaa ilikuwa imepigwa marufuku wakati ule. Kila mtu alijua, na askari wa chifu alijua zaidi, maana alikuwa na kikombe chake pale.

Nikaketi kwenye kigoda nikatazama. Alionja unga uliokaangwa na kulowekwa. Alionja mtungi. Wanaume walipofika na kuketi, alichota kikombe kizima, akasimama mbele yao, akakinywa hadi mwisho wote wakimtazama koo. Ndipo wakaanza.

"Muhonja, kumbe unakunywa?"

Akashangaa kabisa. "Mimi? Sista, mimi sikunywanga. Wanaokunywa ndio hawa wameketi. Mimi naonjanga tu, ni kazi. Mpishi asipotangulia mbele yao watasema ameweka kitu ndani. Hakuna mtu ataguza."

"Na ulipokuwa na mimba ya Mmbone?"

"Mimba inazuianga kazi?"

Nikamwambia aliyoyasema daktari. Nilimweleza polepole, kwamba kile kikombe hakiishii kwa mama, kinafika kwa mtoto wakati ubongo wake unajengwa. Muhonja akaacha mwiko kwenye bati. Akamtazama Mmbone, aliyekuwa amekaa kwenye majivu akicheka na kifaranga.

"Kwa hivyo ni mimi?" akaniuliza. "Mimi ndiye nimemfanyia mtoto wangu hivi?"

Hapa ndipo nilipotenda kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Sikuweza kuuvumilia uso ule. Ningemwambia kwamba hakujua, na kwamba aliyepaswa kumwuliza mapema ni mimi, na nikaketi naye katika uchungu wake. Badala yake nikatoa mkobani chupa ya dawa ya vitamini, ile ya maji yenye ladha ya machungwa, nikaitikisa mbele yake.

"Usilie. Hii inajenga ubongo. Mmbone atarudi sawa."

Atarudi sawa! Nani aliniambia? Hakuna. Nilitaka tu anyamaze kulia ili na mimi moyo wangu utulie.

Tukaanza. Na kusema kweli, miezi ile nilifurahia kazi yangu kuliko wakati mwingine wowote. Vitamini kila asubuhi, madini ya chuma kwa kipimo, matone ya vitamini A kwa ratiba. Omena, wale dagaa wa ziwani, nilizikausha na kuzisaga ziwe unga wa kunyunyiza kwenye mboga. Uji ulinishinda: ukiwa mzito Mmbone anachoka kumeza, ukiongeza maji unamnywesha maji matupu. Muhonja ndiye aliyenifundisha. Alichukua uji wangu mzito, uliosimamisha kijiko, akatia kijiko kimoja cha kimea chake, akakoroga. Jamani, uji ukalegea mbele ya macho yangu, unga ni uleule. "Hukujua?" akanicheka. "Shuleni walikufundisha nini?" Kimea kilekile cha mtungini, kisipochachushwa, kikamlisha mtoto. Nyinyi mnafundisha jambo hili sasa kwa mabango ya rangi. Mimi nilifundishwa na mpishi wa busaa kwenye kigoda.

Palibaki mayai. Mayai yalikuwa ya mama mkwe, ambaye wote tulimwita Kukhu, yaani bibi. Kukhu alikuwa ameokoka kabla mwanawe hajazaliwa. Alikuwa katika safu ya kwanza ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kimenyooshwa kwa pasi ya makaa, na busaa ya mkaza mwana wake aliipita uani akiwa ameziba pua. Kuku alifuga, lakini kwa desturi yao ya zamani mwanamke hakula kuku wala yai, na Kukhu wokovu wake haukuwa umefika kwenye desturi hiyo.

"Mtoto msichana na yai?" akaniambia. "Atachelewa kuongea."

"Kukhu, ana miaka miwili na nusu. Hajaongea hata bila yai."

Alinikazia macho mpaka nikajutia ulimi wangu. Kisha akaingia ndani, akatoka na yai moja ameliviringisha kwa nguo, akaniwekea mkononi. Siku iliyofuata moja tena. Miezi mitatu baadaye Mmbone alisimama mlangoni, akamnyooshea bibi yake mikono, akasema neno lake la kwanza kabisa: "Kukhu." Bibi yule aliketi chini vumbini na kitambaa chake cheupe, akalia. Baada ya hapo ungejaribu kumnyima Mmbone yai, ungekiona cha moto.

Mmbone akanenepa. Akaacha kuyumba. Mstari wake kwenye kadi ukapanda, nami nikaanza kuamini uongo wangu mwenyewe. Hadi asubuhi moja Muhonja alipokuja kituoni peke yake, amechangamka, ameshika ile chupa tupu ameiosha vizuri.

"Sista Zainabu, nijazie. Safari hii ni yangu."

"Yako?"

Akajishika tumbo. "Nimekosa miezi miwili. Nimesema nianze kuinywa mapema. Nikionja kazini, hii inakujanga nyuma inatengeneza. Si uliniambia?"

Alikuwa na mimba, alikuwa bado anaonja, na alikuwa anaonja kwa amani kwa sababu yangu mimi na maji yangu ya machungwa.

Nikakimbilia kwa Mama Khadenje, nikamweleza yote, na zile H pia. Nilitumaini atasema atakwenda yeye, kwa kuwa ni mkubwa. Alikuwa akikunja bandeji, hakuacha.

"Nani alimwambia itatengeneza?"

"Mimi."

"Basi baiskeli iko pale. Na ukifika, usianze na dawa. Anza na wewe."

Nilimkuta Muhonja na Kukhu wakipukuchua mahindi. Nikakataa kigoda, nikaketi chini. Nikasema: nilikudanganya. Nikasema sikukuuliza ulipokuwa na mimba ya Mmbone, nilijiandikia tu, kisha nikakupa tumaini nisilokuwa nalo. Dawa, mayai na omena vinamsaidia Mmbone kukua na kupata nguvu ya kujifunza, na tutaendelea navyo. Lakini kilichokosekana alipokuwa tumboni hakuna chupa itakayokirudisha, na hakuna chupa itakayomkinga huyu wa sasa kama kikombe kinaendelea kupita.

Muhonja aliinuka. Sijawahi kuangaliwa vile, na sitamani tena.

"Nilikuamini," akasema. "Nilikunywa mbele yako hata, nikajua huyu sista amenipa kinga. Kumbe ulikuwa unanibembeleza kama mtoto!"

"Ndiyo."

"Sasa niache kazi? Tule nini? Na nikipika bila kuonja, nani atakunywa?"

Nikasema mtu mwingine aonje badala yake. Akanicheka, safari hii bila furaha. Jirani? Wangesema jirani amepewa kikombe kilichotengwa. Anayetangulia lazima awe wa jiko lile, anayelala nyumba ile, ambaye akiweka sumu anaua na wake. Mume hayupo. Mmbone ni mtoto. Hakuna mwingine. Kwa hakika nilikuwa nimekuja na ukweli mtupu, bila kitu cha kumwachia mkononi.

Kukhu alikuwa hajanyanyua macho. Aliendelea kupukuchua gunzi lake hadi punje ya mwisho, akalitupa kwenye rundo.

"Mimi si wa nyumba hii?" akauliza.

Muhonja akageuka. "Mama, wewe umeokoka."

"Nimekuuliza, mimi si wa nyumba hii?"

Nilikuwapo siku ya kwanza, nilijilazimisha kwenda. Wanaume walikuwa wamekaa, askari wa chifu katikati yao. Kukhu akatoka ndani akiwa amevaa nguo yake ya kanisa. Akafungua kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akampa Mmbone akishike. Mzee mmoja akavua kofia, sijui kwa nini. Kukhu akapokea kikombe kutoka kwa mkaza mwana wake, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, nadhani aliomba kwanza. Akakinywa hadi mwisho. Akakunja uso wote.

"Miaka yote hii," akasema, "na mnapigania kitu kama hiki? Kunyweni, hakina kitu."

Wakacheka hadi wakakohoa. Muhonja hakucheka. Alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, na mimi nilikuwa nalia waziwazi na buibui langu, mwanamke wa Kiislamu kwenye kilabu cha busaa. Ndugu zangu wangeniona wangenichinja.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Kukhu aliitwa, akakiri, hakujitetea. Aliondolewa safu ya kwanza, akawekwa benchi la nyuma, jina lake likaandikwa katika kitabu cha waliorudi nyuma. Alikwenda kila Jumapili vilevile, akakaa benchi hilo kitambaa kimenyooshwa. Na kila siku ya busaa alionja, na kila asubuhi Muhonja alikula yai mbele yake. Kukhu alimsimamia hadi alimeze, akisema kama dhambi zimeanza basi na desturi nayo ikae kando.

Nisimame kidogo kwa ajili ya nyinyi mliopo kazini. Siku hizi nasikia wataalamu wakitaja kolini, iliyomo kwenye kiini cha yai na kwenye maini, kwamba wanaichunguza kama inaweza kuusaidia ubongo wa watoto kama Mmbone. Nafurahi, na ninamkumbuka Kukhu. Ichunguzwe. Wapeni mayai, wapeni omena, wapeni uji wa kimea. Lakini msimwambie mama kwamba mtoto atarudi sawa. Mmbone alikwenda shule, akaiacha madarasa ya katikati, hesabu zilimkataa katakata. Leo anafuga kuku, tena kwa mkono mzuri, na nikimtembelea bado anatia mkono kwenye mfuko wangu. Siku hizi nambebea peremende. Mwambieni mama kwamba mtoto atakua kadiri yake, na mtakuwa naye.

Sasa nirudi. Katika mimba ile ya pili niliiacha wazi ile safu ya mwisho mbele ya jina la Muhonja. Nilisema nitaijaza siku ya kujifungua, kwa kuuliza.

Alijifungua kituoni saa nne asubuhi, msichana. Mama Khadenje alimpangusa, akanipa. Nikamsogeza dirishani. Nikapitisha kidole gumba chini ya pua yake, kama nilivyomwona daktari akifanya, na kidole kikaingia kwenye kijifereji. Kilikuwepo, kimechorwa vizuri kabisa. Nikajua hilo peke yake halimalizi mambo na kwamba nitampima miaka, lakini wallahi nilikibusu.

Kukhu alikuwa ameketi mlangoni na Mmbone mapajani. Hakuuliza, alinisoma uso. Nikamletea mtoto, Mmbone akamgusa pua na kucheka.

Kisha nikaleta daftari, nikasimama kando ya kitanda, nikauliza kwa sauti ili kila mtu asikie. "Muhonja, katika mimba hii ulitumia pombe, hata kwa kuonja?"

"Miezi miwili ya kwanza, ndiyo," akasema. "Tangu siku uliyokuja ukaketi chini, hapana."

Nikaandika hivyo hivyo. Nilipotaka kufunga daftari, Kukhu akaliwekea mkono.

"Na mimi niandike."

"Kukhu, safu hii ni ya mama mjamzito."

"Kule kanisani wameandika kwamba nilikunywa," akasema. "Wewe andika ni kwa sababu gani."

Nikaandika. Safu haikutosha, nikaendelea pembeni mwa ukurasa.